Daki ya bei nafuu kwa stereo ya Mzee

Kwa kawaida hapa huwa naandika mambo ya programu, hifadhidata na seva zinazokufa usiku wa manane. Leo naomba ruhusa niende kando kidogo. Si mbali sana lakini, maana siku hizi hata muziki ni data tu kama data nyingine. Kwa muda wa mwezi mmoja na nusu nimekuwa nikitafuta kifaa cha kuunganisha muziki ulio ndani ya kipakatalishi na runinga na stereo ya zamani iliyoko sebuleni. Wenyewe hukiita DAC. Mimi nitakiita daki, tuandike kwa raha.

Rafiki zangu huniuliza swali moja tu: "Ninunue ya pesa ngapi?" Jibu fupi ni hili: ya pesa kidogo, mradi iwe kimya na iwe na matundu yanayolingana na vifaa ulivyonavyo. Jibu refu linafuata. Ukiwa na haraka, ruka hadi mwisho, nimeweka orodha.

Kwa nini nilihitaji daki

Baba yangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Mzee, alipata kiharusi mwaka jana. Ana miaka 74. Mkono wa kulia umerudi kiasi, mguu unaendelea vizuri, lakini maneno yanachelewa kutoka. Neno analijua, unaliona machoni kwamba analijua, ila halitoki. Mtaalamu anayemfundisha kuongea upya alituambia tumwekee kila siku nyimbo alizozipenda ujanani, na tusimkatize anapojaribu kuzifuata.

Mimi ni mtu wa kutaka ushahidi, kwa hiyo nikatafuta. Upo utafiti uliofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 2008 katika jarida la Brain. Wagonjwa 60 wa kiharusi waligawanywa katika makundi matatu. Waliosikiliza muziki waliouchagua wenyewe kila siku kwa miezi miwili walipata nafuu zaidi katika kumbukumbu ya maneno na umakini kuliko waliosikiliza vitabu vya kusomwa, na kuliko wale ambao hawakupewa chochote cha kusikiliza. Utafiti mmoja si tiba, lakini pia si porojo.

Basi nilianza na njia rahisi: spika ndogo ya Bluetooth juu ya meza. Mzee alisikiliza wimbo mmoja, akakunja uso, akatafuta neno kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ya pua." Ndiyo, ilikuwa inaimba kwa pua. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye stereo yake.

Stereo hiyo aliinunua Mombasa mwaka 1984 alipokuwa akifanya kazi bandarini. Ni amplifaya nzito ya chuma, spika mbili za mbao, na deki ya kanda ambayo ilishajifia. Muziki wake wote, benga, rumba ya Wakongo waliopiga kambi Nairobi, Mbaraka Mwinshehe, na taarabu aliyoipenda marehemu mama, nilishauhamisha kutoka kwenye kanda na santuri hadi kwenye faili. Sasa tatizo liko wazi: faili ni namba tupu, na amplifaya ya 1984 haijui namba. Inajua umeme unaopanda na kushuka kwenye waya. Lazima awepo mkalimani katikati. Mkalimani huyo ndiye daki.

Bajeti yangu ilikuwa shilingi 8,000 kwa kazi nzima. Masomo ya Mzee ya kuongea hulipiwa kila wiki, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna senti itakayotoka huko kwenda kwenye kisanduku cha muziki. Kwa hiyo swali la "daki ya pesa ngapi inatosha?" halikuwa mchezo wa kupoteza jioni. Kila elfu niliyoiongeza huku ilikuwa ni somo moja lililopungua kule.

Daki hufanya nini hasa

Simu yako ina daki. Runinga ina daki. Kipakatalishi kina daki. Hata ile spika ya pua ina daki ndani. Kununua daki ya pembeni ni kusema kwamba hutaki ile iliyomo ndani ya kifaa, unataka nyingine.

Kazi yake ni kama ifuatavyo. Mfumo wa CD, ambao Sony na Philips waliuleta sokoni mwaka 1982, huchukua sauti na kuipima mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Daki husoma vipimo hivyo na kuvirudisha kuwa mawimbi ya umeme yasiyo na makato.

Hapa ndipo uongo wa kwanza huingia. Umeshaona ile michoro ya matangazo inayoonyesha sauti ya dijitali kama ngazi za gorofa, halafu ile "bora zaidi" ina ngazi ndogo ndogo. Picha hiyo inapotosha. Hesabu ambayo Claude Shannon aliichapisha mwaka 1949, akijenga juu ya kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928, inasema hivi: ukipima wimbi kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, unaweza kulirudisha lote kama lilivyokuwa. Si kulikaribia, ni lote. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi kama Hz 20,000. Daki haitoi ngazi kwenye waya. Ina kichujio kinacholainisha, na kinachotoka ni wimbi.

Na biti je? Kila biti moja huongeza kama desibeli 6 kati ya kelele ya chini na sauti ya juu kabisa. Biti 16 zinatupa kama desibeli 96. Santuri nzuri hutoa kati ya 60 na 70. Maana yake ni kwamba ule mkwaruzo wa sindano kwenye sahani za Mzee una nguvu kuliko kelele ya CD kwa mbali sana. Nyimbo zake nyingi zilirekodiwa kwenye kanda za studio, zikapigwa chapa kwenye sahani ndogo za 45, zikachezwa baa na sebuleni kwa miaka, ndipo mimi nikazinakili. Hakuna daki duniani, ya elfu tatu wala ya laki tatu, itakayorudisha kitu ambacho hakikubaki kwenye sahani.

Namba zinazouzwa na masikio yaliyopo

Ukiingia madukani utakutana na daki za biti 32, za kHz 384, hata kHz 768. Kabla ya kushangilia namba hizo nilifanya jambo rahisi. Niliandika programu fupi ya mistari isiyozidi 30 inayotoa mlio unaopanda polepole, tukakaa sebuleni, kila mtu anyooshe mkono maadamu anausikia.

Binti yangu wa miaka 16 alishusha mkono karibu na Hz 17,000. Mimi niliacha kusikia karibu na 14,000. Mzee alishusha mkono kabla ya 7,000.

Nilinyamaza kidogo hapo. Masikio hupungua kwa umri, kuanzia juu kwenda chini, hilo nililijua. Lakini kulijua ni jambo moja, na kuona mkono wa baba yako ukishuka wakati wewe bado unausikia mlio waziwazi ni jambo jingine. Hata hivyo kuna faraja: laini za simu za zamani zilipitisha kati ya Hz 300 na 3,400 tu, na watu walioana kupitia hizo. Maneno ya mwimbaji, gita la kwanza, besi, vyote viko ndani ya eneo ambalo Mzee bado analo. Kazi yangu ilikuwa kulifanya eneo hilo liwe safi. Huko juu kwenye Hz 40,000 hakuna mtu wa kumpelekea kitu.

Na hata kwa masikio mazima, namba kubwa hazijashinda mitihani ya haki. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society. Walichukua rekodi za kiwango cha juu kuliko CD, wakazipitisha au wasizipitishe kwenye kifaa kinachozibana hadi biti 16 na kHz 44.1, bila msikilizaji kujua. Katika majaribio 554 waliopatia walikuwa 276. Hiyo ni asilimia 49.8. Sarafu ingefanya vivyo hivyo.

Biti 24 zina kazi yake studio, wakati wa kurekodi na kuchanganya sauti, ambako unataka nafasi ya kukosea. Nyumbani zina faida moja ndogo, nayo ni kwamba ukipunguza sauti ndani ya programu hupotezi kitu. Karibu kila daki ya leo inazo, hata ya bei ya chini. Kwa hiyo hicho si kigezo tena.

Vipi kuhusu jina la chipu? Watu hubishana sana: ESS ya California, AKM ya Japani, Cirrus Logic ya Texas, Burr-Brown ambayo Texas Instruments iliinunua mwaka 2000. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kule Nobeoka kiliungua, na makampuni mengi yakalazimika kubuni upya daki zao kwa chipu za wengine. Muziki haukusimama. Chipu ya kawaida ya bei ya chini kama PCM5102A, ambayo huwekwa kwenye vibao vya kuchomeka juu ya Raspberry Pi, inatangazwa na watengenezaji kuwa na desibeli 112 kati ya kelele na sauti. Linganisha na 96 za CD, halafu na 70 za santuri. Jina la chipu halitakuokoa wala kukuangamiza.

Kinachoharibu sauti kwa kweli

Sasa tufike kwenye nyama yenyewe. Nilipochomeka kipakatalishi kwenye amplifaya kwa waya wa kawaida kupitia tundu la hedifoni, muziki ulitoka, lakini nyuma yake kulikuwa na mlio kama wa mbu. Ukisogeza kipanya, mbu anabadili sauti. Ukifungua ukurasa mzito, mbu anakasirika. Kwa mtu anayejitahidi kushika maneno ya wimbo, mbu huyo ni adui kuliko upungufu wowote wa biti.

Jaribu la kwanza, na ni la bure: chomoa chaja. Mbu alinyamaza papo hapo. Hiyo inakuambia kwamba tatizo si daki ya ndani peke yake. Chaja na amplifaya vinakutana mara mbili, mara moja kupitia stima ya ukutani na mara ya pili kupitia waya wa sauti, na uchafu wa umeme unazunguka kwenye pete hiyo. Hili ni muhimu sana kwa mnunuzi, kwa sababu daki ya USB, hata ya bei mbaya, inaunganishwa kwa waya ule ule wa shaba na kipakatalishi kile kile. Unaweza kulipa elfu 30 na mbu akaja nayo.

Dawa yake ni ama kutumia betri wakati wa kusikiliza, ama kutenganisha kabisa. Na njia ya bei rahisi ya kutenganisha ni waya wa mwanga, ule uliobuniwa na Toshiba mwaka 1983 na ambao tundu lake limo nyuma ya runinga nyingi. Mwanga haupitishi stima. Namba zinapita, uchafu unabaki. Kwa sababu runinga yetu ina tundu hilo, na inasoma muziki kutoka kwenye flashi, uamuzi wangu ulianza kujitengeneza wenyewe.

Jambo la pili ni nguvu ya sauti. Mashine za CD hutoa kama volti 2, na daki nyingi za mezani hufuata mkondo huo. Kile kiwaya kidogo cha Apple cha kugeuza USB-C kuwa tundu la hedifoni, kilichotoka mwaka 2018 kwa dola 9, ni daki kamili na safi kabisa, lakini hutoa kama volti 1, na cha soko la Ulaya ni nusu ya hapo. Kwa amplifaya nyingi inatosha, unazungusha kitufe zaidi kidogo. Ila volti mara mbili ni desibeli 6 zaidi, na desibeli 6 zinasikika mara moja. Kumbuka jambo hili tukifika dukani.

Jambo la tatu ni lugha. Runinga nyingi zikiachwa zilivyo zinaweza kutuma Dolby kwenye waya wa mwanga. Daki ndogo haijui Dolby, inajua PCM tu, kwa hiyo unapata kimya au mlio wa kutisha. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, chagua PCM. Naamini daki nyingi zimerudishwa dukani zikiitwa mbovu kwa sababu ya mstari huu mmoja.

Jambo la nne ni tundu la amplifaya. Amplifaya za zamani zina tundu limeandikwa PHONO. Hilo ni la mashine ya santuri pekee, linaikuza sauti kama mara mia na kubadilisha uwiano wa besi. Usiguse. Tumia AUX, CD au TAPE.

Luthuli

Jumamosi moja nikashuka Luthuli Avenue. Kijana wa duka la tatu alinikaribisha vizuri, "Karibu bosi, hapa ni orijino tupu," akanitolea daki mbili, moja ya shilingi 3,800 na nyingine ya 14,500. Akaziunganisha kwenye amplifaya moja, akacheza wimbo ule ule. Ya 14,500 ilikuwa na uhai zaidi! Besi imejaa, sauti ya mwimbaji imesogea mbele.

Nikamwomba apunguze kitufe kidogo anapocheza ile ghali, hadi zilingane. Akapunguza. Tukasikiliza tena. Tukatazamana. "Bosi, umenimaliza," akasema akicheka.

Hakuwa mlaghai. Masikio yetu ndiyo yalivyo: sauti iliyozidi kidogo tu hatuisikii kama "kubwa zaidi", tunaisikia kama "bora zaidi". Ukilinganisha vifaa viwili bila kusawazisha nguvu, hujalinganisha chochote. Nikanunua ya 3,800: kisanduku cha ukubwa wa kiberiti kikubwa, tundu la mwanga na la waya wa kidijitali upande mmoja, plagi nyekundu na nyeupe upande mwingine, kinakula umeme wa chaja ya simu.

Jaribio la kufumba macho

Mwenzangu wa kazini, mpenzi mkubwa wa mambo haya, hakuridhika. Ana daki ya shilingi 45,000 na akanikopesha kwa wiki moja ili, kwa maneno yake, "nisikie ninachokosa". Nikasema haya, tufanye kama wahandisi.

Nilinunua kipande cha kugawa waya wa mwanga matawi mawili, ili daki zote mbili zipate namba zile zile kwa wakati mmoja kutoka kwenye runinga. Moja ikaingia AUX, nyingine TAPE. Kisha nikacheza mlio wa Hz 100 na kupima volti za kila moja kwa mita ya kawaida ya fundi stima. Mita za bei ya chini zimetengenezwa kwa stima ya Hz 50, kwa hiyo usizipime kwa mlio wa juu, zinadanganya. Daki ya mwenzangu ina kitufe chake cha sauti cha nusu desibeli kwa hatua, nikaisogeza hadi tofauti ikawa chini ya asilimia 2.

Programu yangu ikachapisha orodha ya bahati nasibu ya mizunguko 16. Binti yangu akakaa nyuma ya shuka na orodha yake, anazungusha swichi. Kila mzunguko nasikiliza A, nasikiliza B, halafu ananichezea X nami naandika ni ipi. Kwa nini 16? Kwa sababu ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kuwa ulibahatisha ni chini ya 4 kwa 100. Chini ya hapo, huna cha kujivunia.

Nilipatia 9. Mwenye daki akaja Jumapili, akakaa kwenye kiti kile kile, na rekodi alizozichagua mwenyewe. Alipatia 7. Hili halithibitishi kwamba hakuna binadamu awezaye kuzitofautisha. Linathibitisha kwamba kwenye sebule hii, kwa spika hizi, watu wawili waliokuwa wakitafuta tofauti kwa bidii hawakuipata, na bei zilipishana zaidi ya mara kumi na moja. Kwangu hiyo inatosha. Kwa kulinganisha, tundu la hedifoni la kipakatalishi kikiwa kwenye chaja nililitambua mara 16 kati ya 16. Mbu hajifichi.

Mzee alikuwa akitutazama wakati wote huo. Tulipomaliza kubishana juu ya namba alinyoosha kidole kwenye spika na, baada ya kuhangaika, akasema neno moja: "Kona."

Ni kweli. Spika zote mbili zilikuwa zimesukumwa pembeni kabisa kwenye kona ili kupisha kitanda chake. Kona huvimbisha besi, na besi iliyovimba hufunika maneno. Yeye ndiye aliyezipanga kule Mombasa, alijua mahali pake. Tulizisogeza kama nusu mita kutoka ukutani na kuzigeuza zimtazame. Gharama: sufuri. Tofauti yake ilizidi ya daki zote mbili zikijumlishwa. Siku iliyofuata nilipeleka spika kwa fundi, kwa sababu ile pete ya sponji inayoshika koni kubwa ilikuwa imeoza na kuanguka vipande. Alizibadilisha zote mbili kwa shilingi 2,500.

Hesabu na orodha

Daki 3,800. Waya wa mwanga na kipande cha kugawa 700. Waya wa plagi nyekundu na nyeupe 300. Fundi wa spika 2,500. Jumla 7,300. Zimebaki 700, zimekwenda kwenye teksi ya Mzee siku ya somo.

Kama na wewe unataka kununua, fuata mpangilio huu:

1. Kwanza tazama spika. Sponji zimeoza? Ziko kwenye kona? Anza hapo.
2. Jaribu ulichonacho. Chomeka simu au kipakatalishi kikiwa kwenye betri. Kama kuna kimya wimbo unaposimama, huenda huhitaji daki kabisa.
3. Kama chanzo ni runinga, nunua daki ndogo yenye tundu la mwanga. FiiO wanayo iitwayo D03K ya aina hii, na zipo nyingi zisizo na jina. Weka runinga kwenye PCM.
4. Kama chanzo ni simu au tarakilishi, kiwaya cha aina ya Apple cha USB-C ni mwanzo mzuri. Kwenye simu za Android hakikisha sauti inapanda hadi mwisho, baadhi huibania.
5. Ukitaka matundu mengi, rimoti au kisanduku imara, makampuni kama Topping, SMSL na Schiit yapo. Schiit walitoa Modi yao ya kwanza mwaka 2012 kwa dola 99. Lakini jua unalipia matundu na kisanduku.
6. Ukilinganisha, sawazisha nguvu ya sauti kwanza. La sivyo iliyo kubwa itashinda kila siku.
7. Weka kila kitu kwenye plagi ya kinga ya stima. Stima yetu ikikatika mnaijua inavyorudi.

Mzee husikiliza kila jioni baada ya taarifa ya habari. Kuna wimbo mmoja wa rumba ambao sasa anaufuata kiitikio chote bila kukwama, maneno yote, ingawa akiombwa chai bado hukwama kwenye "sukari". Mtaalamu anasema ni kawaida, kuimba na kuongea havipiti njia moja kichwani, na tuendelee. Tunaendelea.

Wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata. Daki ya mwenzangu nimeirudisha jana, ikiwa salama salimini.